Manjano ya Saloni

Kasongo, Jumamosi usiku

Na bado hajasema kama rangi ni nzuri! Mama mukwe alitaka buluu kwa saloni yetu ya kupokelea wageni. "Manjano itaonyesha moshi wote," alinung'unika, na siku ya kupaka alikaa nje, amenipa mgongo. Niliogopa kweli, maana nyumba ni ya mwanawe na brosi ilikuwa mkononi mwangu.

Miaka yote mchele tunauchagulia uani. Mule saloni, kwa giza lile, jiwe na punje vilikuwa kitu kimoja.

Leo mchana nikamkosa uani. Nikamkuta saloni, kwenye kona ya mwisho kabisa, lungo la mchele mapajani, anatoa mawe na kuimba polepole.

"Mama, rangi iko muzuri?"

"Wacha, mutoto. Nimekimbia mvua."

Mvua gani, katikati ya kiangazi?