Mgeni Aliyefumbua Macho

Mjukuu wangu mpenzi,

Salamu kutoka chumba cha nyuma. Goti bado linanisumbua, paka amezaa kwenye kabati la vitabu, na kila Jumatano kikundi chetu kinakutana humu kuwaombea ninyi mliokwenda kwa watu ambao hawajaisikia Injili. Jina lako hatulitaji, kama ulivyoagiza.

Ila fundi viatu unamjua. Akiomba humsimulia Mungu kila kitu, utadhani Mungu alikuwa safarini. Juzi akasema, “Baba, mlinde binti yetu anayefundisha cherehani ghorofani, nyuma ya soko la ngozi.” Nikafumbua macho nimkanyage mguu. Mgeni mmoja, aliyeingia kujikinga na mvua, naye alikuwa amefumbua yake, ananitazama.

Tulipomaliza akanishika mkono kwa upole. “Babu, yule binti ni wako? Huwa anaandika?”

“Nina wajukuu wengi,” nikamjibu, “wote wavivu wa kuandika.”

Akacheka. Kabla sijawa mkimbizi, mtu mpole kama yeye aliniuliza hivyo hivyo habari za kaka yangu, nami nikamweleza. Kaka hatukumwona tena.

Huenda huyu ni muumini tu. Lakini naogopa, mama. Barua hii anakuletea shemeji yako kwa mkono. Ukishaisoma ichome, uhame leo, usingoje wanafunzi wamalize kushona. Wala usiniambie umehamia wapi. Siku hizi nami nikiomba husahau, nikapaza sauti.

Babu yako