Faili Iliyokataa Kufunguka

Jumatatu, 3 Machi
Mfumo wa rekodi za wagonjwa umelala tena. Saa nne na dakika kumi simu zikaanza: mapokezi, famasia, wodi ya wanawake. Kila mtu anasema kile kiduara kinazunguka tu. Nimebadilisha nyaya mbili. Nimezima kompyuta kuu, nikaiwasha. Saa tano na nusu ukarudi wenyewe. Nimewaambia nimeutengeneza. Uongo.

Jumatano, 5 Machi
Vile vile. Foleni hadi getini. Nimeshinda nikifuta rekodi zilizojirudia ili hifadhidata iwe nyepesi. Mchana ilikimbia vizuri, lakini mchana hukimbia siku zote. Bwana Njeru, msimamizi wetu, amenipa hadi Ijumaa nipate chanzo.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mmoja ameletwa kutoka Ishiara, homa ya mapafu. Hakuweza kuongea. Daktari ameitisha faili yake saa nne na nusu. Haikufunguka. Wamengoja, kisha wakamdunga sindano. Saa tano na nusu ikafunguka. Imeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba dawa hiyo nusura imuue zamani. Alikuwa ameshakufa.
Anaitwa Ciarunji. Nimeliandika jina ili nisilisahau.

Ijumaa, 7 Machi
Njeru anataka sababu kwa maandishi. Nimekagua kompyuta zote kumi na mbili. Marigu wa mapokezi hufungua orodha nzima ya wagonjwa asubuhi na kuiacha wazi. Hiyo hulemea mfumo. Nimeandika jina lake. Kabla ya chai amesimamishwa kazi.
Marigu akaniuliza, "Mwenda, una uhakika?"
Nikasema ndio.

Jumatatu, 10 Machi
Marigu hayupo. Saa nne na dakika kumi, simu zile zile.
Leo sikukimbia huku na huku. Nimekaa mbele ya kompyuta kuu nikaangalia inafanya nini. Inanakili hifadhidata yote, nakala ya akiba. Hiyo kazi niliipanga mimi, mwezi jana, baada ya stima kupotea na kompyuta zote kuzimika. Nilitaka saa nne usiku. Niliandika 10:00. Ilifaa kuwa 22:00.
Kurekebisha kumechukua nusu dakika.

Jumanne, 11 Machi
Mfumo unapaa. Wa famasia wameniletea chai na mandazi. Sikula. Naogopa jela. Naogopa mama yangu kule Kinoru aambiwe kanisani.

Jumatano, 12 Machi
Sikusema.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia Njeru. Akafunga mlango.
"Si mfumo uko sawa sasa? Hayo maneno wachana nayo."
Nikamuuliza, na Marigu?
"Atapata kazi kwingine."
Nimeandika barua kwa mkurugenzi. Nakala nimempelekea Marigu nyumbani kwake, mtaa wa Majimbo. Ameisoma akiwa amesimama mlangoni. Hakunikaribisha ndani. Ningekuwa yeye, nami nisingemkaribisha mtu kama mimi.

Jumatatu, 17 Machi
Marigu amerudishwa. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani hadi kamati iamue. Nimekabidhi funguo. Hakuna aliyeniaga.

Jumamosi, 22 Machi
Ishiara. Joto kali. Mume wa Ciarunji alikuwa anatengeneza ua wa mbuzi. Nilimweleza kila kitu polepole, maana Kimbeere sijui na Kiswahili chake ni kidogo. Akauliza kama faili ingefunguka mke wake angekuwa hapa. Nikasema nafikiri ndio.
Akaweka kamba chini. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa hapo nje ya mlango. Hiyo sindano nilikuwa najua haimfai. Hakuna mtu aliniuliza."
Alinipa maji. Nikanywa. Akarudi kwenye ua wake. Nikamshikia fito, akafunga kamba, hadi jua likapoa.