Hulda Aliulizwa Mara Mbili Tu

Bi Opal mpendwa wa gazeti letu,

Nisaidie, maana nimechoka na usingizi sipati, na jambo lenyewe ukilisikia utacheka, ni hadithi tu, ile ya Hulda tuliyoisoma sote shuleni, mjane anayeishi peke yake shambani, kaka yake anakuja na farasi kabla ya theluji kubwa anamwambia twende ukaishi kwetu, naye tayari amevaa koti na viatu, lakini anasema hapana, nitawasumbua bure, kaka anauliza tena, anakataa tena, kaka anasema haya basi, anaondoka, na Hulda anabaki dirishani na koti lake mpaka moto unazimika.

Kikundi chetu cha kusoma pale kanisani kiliirudia wiki jana, na mkamwana wangu Renata, mke wa mwanangu Curt, mzaliwa wa New Jersey, alikuwa amekuja kunitembelea nikaenda naye. Dorothy akauliza, "Jamani, huyu mama kwa nini hakwenda, na koti kalivaa mwenyewe?" Renata akadakia, "Si hakutaka! Kasema hapana mara mbili, mlitaka aimbe?" Sote tukanywa kahawa. Nikamwambia, "Mwanangu, alitaka sana. Alikuwa anangoja kuulizwa mara ya tatu." Akacheka mbele ya watu: "Mama, kwani huyo kaka ni mpiga ramli? Hapana ni hapana."

Imeniuma, Bi Opal, na tangu siku hiyo akipiga simu najibu kwa mkato. Na ni Renata huyo huyo, yeye na Curt, walioniambia mwezi wa Agosti nihamie kwao mjini Duluth, nikasema hapana nitawabana, wakaniuliza tena Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba, nikasema msijisumbue, na sasa nasikia chumba wanampa mpangaji mwezi ujao, ni sawa tu, sina neno, nyumba yangu naijua, ingawa ngazi za mlangoni zina barafu na juzi nilianguka nikakaa pale chini muda mrefu kabla sijaweza kuinuka, lakini hilo sikuwaambia maana wana mambo yao. Mimi nataka kujua habari ya Hulda tu. Nani yuko sahihi, mimi au Renata?

Ardis, kaskazini mwa Minnesota

Bi Opal anajibu:

Ardis,

Hadithi kwanza, maana ndiyo uliyouliza. Uko sahihi. Nimezaliwa huku huku, nami hunipi kahawa bila kunibembeleza mara tatu. Walimu walituambia Hulda alikuwa na kiburi, wengine wakasema wazimu. Wapi! Mtu aliyekwisha vaa koti anataka kwenda. Hulda alikuwa na adabu tu, na adabu hiyo ikamkosesha nyumba yenye moto.

Lakini Renata naye yuko sahihi, na hilo hutalipenda. Kaka yake Hulda alikulia kwetu na bado aliondoka. Renata atajuaje? Kwao mtu akitaka kitu anakisema, tena kwa sauti. Alikuuliza kwa moyo mmoja, ukamkataa, akauliza tena, ukamkataa, na bado akaendesha gari kwenye theluji kuja kukuona. Unamnunia kwa kosa gani?

Nimechoka, mwenzangu. Kila majira ya baridi napata barua kama hii, watu wazima wamejikunyata majumbani mwao wakingoja kusihiwa, na wanaowapenda wako mbali wanadhani wamekataliwa. Umeanguka, umekaa juu ya barafu peke yako, halafu unaniandikia mimi, mtu wa gazeti, habari za Hulda! Nimekuhurumia mpaka machozi yamenitoka, kisha nikakasirika. Wangekukuta umeganda pale mlangoni, Curt angesema nini maisha yake yote? Kwamba mama hakutaka.

Sasa sikiliza. Leo, kabla mpangaji hajaleta godoro lake, piga simu. Usimpigie Curt, huyo ni wa kwetu, mtazungushana mpaka theluji iyeyuke. Mpigie Renata. Mwambie ulianguka. Kisha mwambie, "Mwanangu, nataka kuja kukaa kwenu." Hivyo hivyo, usianze na hali ya hewa wala usiongeze "kama haiwasumbui." Akisema njoo, sema asante, ukate simu kabla hujaanza tena kuwa na adabu.