Neno Kwenye Kadi ya Anjelina

Kibondo, 2012

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, funga mlango. Haya usimsomee mtu, hata mama. Ukimaliza choma barua, ila kadi iliyomo ndani uifiche. Mnaendeleaje huko Singida? Miguu ya mama imepungua uvimbe? Mimi mwili mzima, usingizi ndio sina.

Unajua nilikuwa karani kwenye kambi ya Warundi, upande wa Kasulu. Kadi zao zimeandikwa kwa Kiingereza. Ofisini kwetu karani mpya, yaani mimi, ndiye humsomea mwenye kadi kwa Kiswahili, kisha husaini daftarini kuwa ametafsiri. Mkuu wa ofisi hasaini.

Akaja Anjelina, mwanawe mgongoni anawaka homa, anaomba kwenda hospitali ya mjini. Kadi yake ina neno "restricted".

"Maana yake umewekewa mpaka, mama," nikamwambia. "Unatoka kwa kibali. Subiri nikuandikie."

Mkuu akacheka. "Msomi! Kambi inafungwa, wewe unagawa vibali? Mwambie ni marufuku."

"Mzee, neno hili halisemi marufuku."

"Basi hamia kambini ukawafundishe Kiingereza."

Mlinzi akadakia: "Mama, si ukamtibie kwenu Burundi? Dawa zimejaa!" Wakacheka wote.

Anjelina alinitazama mimi tu. "Umwana wanje," alisema kwa lugha yao. Mtoto wangu.

Nikamjibu, "Ni marufuku, mama." Nikasaini. Akaiacha kadi mezani kwangu, ndiyo hiyo niliyokutumia, akaondoka.

Mtoto alikufa siku ya tatu.

Sasa wakubwa wanauliza. Mkuu amenileta Kibondo eti nipumzike, na jana alinitumia karatasi nisaini kukiri kuwa nilikosea tafsiri kwa uchanga wa kazi. "Saini ni yako, mwanangu," aliniambia kwenye simu, kwa upole kabisa. "Ukikataa, utawaeleza mwenyewe kwa nini ulijua ukweli ukasaini."

Na ni kweli, dada. Nilijua.

Nahojiwa mwisho wa mwezi. Msalimie mama, na mjomba fundi cherehani. Mwambie suruali ya kazi aliyonishonea bado inanikaa vizuri.

Usipige simu ofisini. Barua yako mpe kondakta wa basi la Kigoma, aiache kwa mama muuza vitenge mkabala na stendi ya Kibondo. Juu ya bahasha andika jina la mama yetu, si langu. Nikitoka kuhojiwa nitaipitia, kama sijasaini. Nikiwa nimesaini, sitakwenda kuichukua.

Mdogo wako,
Hamisi