Maziwa Yanamngoja Wifi

Jajmau, Kanpur
4 Juni 1994

Wifi Kalawati, shikamoo.

Natumai u mzima, na watoto pia, na nyati wenu wa maziwa mguu umepona. Mimi nimejifungua jana mchana, mtoto wa kike. Mama mkwe anasema pua ni yako.

Lakini hajanyonya. Mama amekataa katakata: titi halifunguliwi mpaka dada wa baba wa mtoto aje alioshe kwa mkono wake, ndivyo ukoo ulivyo. Kwa sasa anampa maziwa ya mbuzi yaliyochanganywa na maji ya bomba, kwa utambi wa pamba. Matiti yangu yamekuwa mawe.

Najua tangu harusi yetu uliapa hutakanyaga hapa. Mdogo wako Ramdin hawezi kuja kukuchukua. Kwenye kiwanda cha ngozi ukikosa siku moja, kesho yake mwenzako kashavaa buti zako. Chhedi muuza maziwa atakuletea barua hii akirudi huko na treni. Panda naye kesho. Nakuomba, wifi.

Mke wa mdogo wako,
Sunaina


Bindki
5 Juni 1994

Sunaina, marahaba.

Hongera kwa kujifungua salama. Sisi wazima, ila joto linatumaliza.

Siku ya kumpaka Ramdin manjano ya harusi, mimi dada yake mkubwa nilikuwa njiani, na hawakuningoja. Akapaka binamu, wakapiga ngoma, nikafika kula makombo. Kumbe ukoo wetu unajua kungoja? Basi ungoje. Ramdin aje mwenyewe, anibebee mzigo mbele ya majirani zangu. Asipokuja, siji. Mwambie mama hivyo hivyo.

Mtoto mpake mafuta ya haradali.

Wifi yako,
Kalawati


Jajmau
7 Juni 1994

Wifi, shikamoo.

Hujambo? Mimi nimechoka, nisikufiche.

Barua yako ilipofika, mtoto alikuwa ameacha kulia. Mama akafurahi: "Ona alivyo mtulivu." Hakuwa na nguvu ya kulia, wifi. Midomo imekauka, kitambaa chake cha mkojo kikavu tangu asubuhi. Nagma, jirani yetu anayeshona viatu, akachungulia mlangoni. "Mbuzi wa mama mkwe wako alizaa juzijuzi," akasema, "mbona yeye hakumngoja wifi? Ana bahati, hana ukoo."

Mama akamjibu, "Basi hamia zizini."

Kisha akanigeukia. "Haya, Kalawati kasemaje?"

Mama hajui kusoma. Nikaishika barua yako nikasoma: "Mkono wangu nimeutuma. Sunaina ajioshe kwa jina langu, anyonyeshe leo hii." Mama akaleta bakuli la maji. Nilipomaliza kujiosha akataka nikamue maziwa ya kwanza, yale ya njano, niyamwage. Ati yamelala miezi tisa, ni machafu.

Hapo nikasema nisiyowahi kumwambia: "Mama, maji ya bomba letu yananuka kiwanda, na hayo unampa. Yangu ndiyo machafu? Mtaa huu tunazika watoto kwa kuhara kila kiangazi, tukirudi makaburini tunasema ni jicho baya la watu. Jicho la nani? Sisi ndio tunaokaa na chakula kifuani tukimngoja mgeni, halafu tunatafuta mchawi."

Amenyonya. Mwanzoni hakujua afanye nini, kisha akashika.

Sasa mama anasema maneno yale hayafanani na wewe. Amemtuma Chhedi akuulize. Ukisema kweli, nitarudishwa kwa wazazi wangu, na mtoto atabaki hapa na utambi. Sina nguvu ya kukubembeleza. Fanya utakavyo.

Sunaina, mke wa mdogo wako


Bindki
16 Juni 1994

Sunaina, marahaba.

Mimi mzima. Chhedi ananiuliza kila akishuka treni. Nimemwambia maziwa yake yana maji kuliko mto Ganga, ashughulike na hayo kwanza.

Siku zote hizi nimekuwa nikikuandikia matusi na kuyachana. Mtu mzima mimi, unaniwekea maneno mdomoni kama mwanasesere? Usinizoee. Na sijalegea: Ramdin hajaja kunichukua, kwa hiyo siji.

Lakini mwite mama akae karibu nawe, umsomee haya. Safari hii soma yaliyoandikwa.

Mama, shikamoo. Mkono niliutuma mimi. Asiyeamini apande treni aje aniulize. Na huyo mtoto asinyweshwe tena kitu kingine kwa jina la ukoo.

Shangazi yake,
Kalawati