Bunduki ya Baba na Mfuko wa Makaratasi

Buffalo, New York
9 Novemba 2025

Kwako kaka Pantaleo,

Shikamoo kaka, na Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Newburg, wewe na wifi Florida na watoto wote, hata wale wanaoitikia salamu zangu kwa Kiingereza. Mgongo unaendeleaje? Wifi aliniambia kwamba kule ghalani Okolona wamekuhamishia kwenye kupakia malori, na ukirudi nyumbani unalala sakafuni. Kaka, wewe si kijana tena, na usininunie, umri wako naujua. Waombe wakurudishe kwenye kuskani mizigo. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya kichwani ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi, kama vile bado tuko kambini Mtabila tunasubiri mtu wa kwenda Kasulu atupelekee. Nimejaribu simu mara mbili, na mara zote mbili ulianza kumtukana daktari wa Baba, nikashindwa kukukatiza. Sauti ya WhatsApp nayo siitumi, ingefika kwenye grupu la ukoo kabla hujamaliza kuisikiliza. Kwa hiyo kaa chini, soma mwenyewe mpaka mwisho, usimpe wifi akusomee.

Baba ameniambia kwamba unakuja wiki ya sikukuu ya Thanksgiving kumchukua aishi kwako. Ameniambia pia kwamba umemwahidi bunduki yako ile ya kabatini, kwa kuwa Kentucky hakuna jaji wa kumnyang'anya mzazi mali yake ndani ya nyumba. Dada Veridiana naye kanipigia kutoka Columbus, akasema Ohio hawana sheria hiyo, na kwamba mzazi aliyenunua kitu chake kwa jasho lake ana haki nacho kama mtu mwingine yeyote. Mna hasira nyote wawili, na ingekuwa hasira ya haki kama mambo yangekuwa vile mlivyoyasikia. Ndiyo maana nakuandikia. Bunduki hiyo usimpe kabla hujasoma haya.

Unajua kwamba tangu tumzike Mama, Baba anaishi nami hapa North Buffalo, kwenye chumba kinachotazama barabara. Goti lilipomtoa kiwandani alibaki na mambo mawili tu, kwaya na kuwinda. Kila Novemba anakwenda msituni na mzee Gaudiosi wa parokiani kwetu, wanarudi na kulungu, na nusu ya waumini wanakula nyama. Bunduki aliinunua kihalali. Mafunzo ya wawindaji aliyarudia mara mbili kwa sababu ya Kiingereza, jamani, mzee wa miaka sitini na minne na daftari lake! Aliifungia kwenye kabati la chuma na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Sijawahi kumwona akiichezea hata siku moja. Nayasema haya usije ukadhani namchafua.

Mwezi wa tisa akaanza kugawa vitu. Wewe ulipata koti la ngozi na sanduku la zana, akakwambia kwamba sasa wewe ndiye unayesimama mahali pake, ukafurahi mpaka ukatutumia picha umelivaa koti ndani ya nyumba. Veridiana akapata cherehani na vitenge vya Mama. Sote tulisema Mzee amefanya kama walivyofanya kina babu kule Burundi, anagawa macho yakiwa wazi ili watoto wasije wakagombana. Gaudiosi alileta kreti ya bia. Tukanywa, tukapiga makofi, na mimi nikiwemo.

Asubuhi yake akanipa mfuko wa makaratasi.

Kaka, mfuko huo unaujua. Ule wa plastiki wa wale IOM waliotusafirisha, tuliopanda nao ndege. Mna kadi ya posho ya kambini, picha zetu na namba vifuani, karatasi za hospitali, vyeti vya uraia. Miaka yote ile Baba aliulalia kichwani. Siku blok yetu ilipoungua aliutoa mfuko kwanza, ndipo akarudi kukutoa wewe uliyekuwa umelala na malaria, na mpaka leo tunamtania kwa hilo. Koti mtu hutoa. Cherehani hutolewa. Lakini mkimbizi gani umewahi kumwona anatoa makaratasi yake? Nikamuuliza kwa nini, akasema hatayahitaji tena. Nikamuuliza na bunduki je, anamwachia nani. Akasema ile bado ana kazi nayo.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na mpaka leo sijatulia. Nilijiambia kwamba msimu wa kuwinda unakaribia, na mwindaji ana kazi gani nyingine na bunduki? Nikapumua. Kisha nikakumbuka kwamba kwaya ameiacha tangu Agosti, akisema sauti imekwisha. Nikamwendea Gaudiosi, akacheka, akasema sisi wanawake tunatazama sinema nyingi mno. Nikamwamini. Kesho yake sikumwamini. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nakaa kwanza ndani ya gari hapo nje, naogopa kufungua mlango wa nyumba yangu mwenyewe.

Alhamisi moja mchana wakaja polisi wawili na amri ya jaji. Sheria yenyewe hapa wanaiita ya bendera nyekundu. Mtu wa karibu akiandika na kuapa kwamba fulani yuko hatarini kujidhuru au kumdhuru mwingine, jaji anaweza kuamuru silaha iondolewe kwanza, maneno baadaye. Walikuwa na adabu, siwezi kuwasingizia. Baba alikuwa anachambua maharage. Aliuvua ufunguo shingoni mwenyewe, akawapa, akawauliza kama watakunywa chai. Majirani wamesimama vibarazani wanatazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Walipoondoka waliacha karatasi mezani, na Baba akaisoma kwa muda mrefu, kidole kikipita kila mstari, na Kiingereza chake unakijua, ni cha kununulia mafuta ya gari.

Jumapili akawaambia watu kanisani kwamba aliyemchongea ni daktari wa goti, ambaye alimuuliza kama amewahi kutamani kufa, naye akamjibu kwamba sote tutakufa. Watu walicheka, halafu wakakasirika. Habari hiyo ndiyo iliyokufikia.

Kaka, si daktari. Ni mimi.

Niliwaambia kazini naumwa jino, nikaenda mahakamani peke yangu. Nikaandika habari ya mfuko, ya kwaya, na lile neno kwamba bado ana kazi nayo. Nikaapa, nikatia sahihi. Mtoto wa Minani kamshtaki Minani. Mama angekuwa hai labda angeniambia nimejitafutia laana, na labda angenishukuru, sijui. Nilikuwa mtu wa kujua mambo, wewe mwenyewe ulikuwa ukiniita bibi mjuaji, na sasa sijui hata lililo sawa na lisilo sawa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema la kufanya kama maradhi ni ya baba yako na huna hakika kama anaumwa.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Ile karatasi waliyoiacha mezani ilikuwa na jina langu, juu kabisa. Baba hawezi kusoma kila neno la Kiingereza, lakini jina Delfina anaweza kulisoma, yeye ndiye aliyenipa. Aliliona. Kisha akaenda kanisani akamtaja daktari.

Juma lililofuata tukaitwa mbele ya jaji. Ninyi niliwaambia nilimsindikiza tu. Mkalimani alikuwa kwenye simu, Mkongo wa Bukavu, kila sentensi bon na donc za Kifaransa, lakini tulielewana. Jaji akamuuliza Baba kama anapinga yaliyoandikwa. Baba akamwomba mkalimani amuulize jaji kwanza, je, ikionekana kwamba yaliyoandikwa ni uongo, aliyeandika atafanywa nini? Jaji akasema kuapa uongo ni kosa, na mtu anaweza kushtakiwa kwa hilo. Baba akasema kwamba aliyeandika hakusema uongo. Jaji akaizuia bunduki kwa mwaka mzima.

Tangu siku hiyo namtazama akila, namtazama akinyoa ndevu, nashindwa kujua. Alikuwa anakiri, au alikuwa ananikinga mimi nisifungwe? Nilimuuliza mara moja tu, tukiwa kwenye gari. Akasema nitazame taa, imekuwa ya kijani.

Nisamehe kwa ajili ya koti, kaka. Najua unalivaa kanisani, na najua lina maana gani kwako uliye mzaliwa wa kwanza. Huenda lilikuwa baraka kweli. Huenda alikuwa anakuaga. Nimekuharibia, na siwezi kukurudishia.

Njoo umchukue, sikukatazi. Labda wewe atakwambia asichoweza kuniambia mimi. Lakini ile bunduki ya kabatini kwako itoe, ipeleke popote kabla hajaingia mlangoni. Kama alisema kweli mbele ya jaji, usimpe. Na kama alisema vile ili kunikinga, basi nimemdhalilisha baba asiye na kosa, nitaubeba mzigo huo mpaka kufa kwangu, na bado nakupigia magoti, kaka, usimpe.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka mmoja mmoja. Veridiana nitamwandikia mwenyewe nikipata moyo, usinitangulie. Baba naye anakusalimu. Ameniona hapa mezani akauliza namwandikia nani, nikamjibu ni wewe. Akasema nikuandikie yote, nisikufiche kitu, kisha akaenda kujipumzisha.

Ni mimi mdogo wako,
Delfina Minani