Herufi Moja ya Kalondu

S.L.P. 61,
Kabati, Kitui.
8 Juni 2025.

Mpendwa kaka Mbaluka,

Uvoo waku? Natumaini huko Mombasa mko wazima na joto halijawamaliza. Sisi tuko sawa kwa neema ya Mungu. Mbaazi zimefanya vizuri. Mama anasumbuliwa na goti, lakini kanisani haachi kwenda.

Kaka, ile kesi ya asali imeisha, na mimi bado natembea nikitikisa kichwa.

Unajua dada yetu Ndunge aliipa asali yake jina la nyanya yetu Kalondu, akaliandikisha kama alama ya biashara. Anauza hadi Nunguni, kule Makueni. Basi kampuni moja ikaleta chupa zimeandikwa Karondu, na ndani ni maji ya sukari tu. Watu walinunua, kisha wakamjia Ndunge na maneno makali, eti Kalondu siku hizi ni mwizi. Alilia sana. Fikiria, jina la nyanya kuitwa hivyo sokoni.

Mahakamani wakili wao aliongea mpaka nikaogopa. Chupa zao ni za kijani, zetu njano. Zao zina picha ya ua, zetu mzinga. Na R si L, hata mtoto wa nasari anajua.

Shahidi wetu alikuwa Mutisya, yule mwenye duka pale steji. Wakili akampa chupa zote mbili azisome kwa sauti, ili kila mtu asikie tofauti. Mutisya akavaa miwani. "Kalondu," akasoma. Akashika ya pili. "Kalondu." Akaambiwa arudie polepole. "Ka-lo-ndu." Watu wakacheka. Mimi niliinamisha kichwa kwa aibu, ile ile ya shuleni tulipochekwa kwa kuita barabara balabala.

Jaji hakucheka, aliandika. Kisha akamuuliza Mutisya wateja wake huiitaje asali hiyo.

"Kama mimi tu, mheshimiwa."

Siku ya hukumu, jaji alimwambia karani aondoe chupa moja mezani. Akasema mnunuzi hasimami dukani na zote mbili mkononi akizilinganisha. Anakuja na jina alilolibeba kichwani tangu mwezi jana, na nusu ameshalisahau. Kwa hiyo mahakama haihesabu herufi. Inachukua jina zima, linavyoonekana na linavyosikika, halafu inajiuliza kama mtu wa kawaida anaweza kukosea. Na kwa masikio ya wanunuzi wa Kitui na Makueni, akasema, hilo ni jina moja.

Sikujua sheria inamjua hata mtu aliyetumwa asali dukani, na namna anavyotamka. Kampuni imeamriwa iondoe chupa zake zote. Ndunge alinishika mkono mpaka ukauma.

Nimekuwa nikikuwaza. Uliniandikia kwamba kazini wanakucheka, mpaka ukitaka kusema barua unasema ujumbe. Iliniuma. Lakini ulimi huo huo ndio umemrudishia nyanya jina lake, tena mbele ya jaji.

Msalimie sana wifi Yvonne, na Kalondu mdogo mbusu kwa niaba yangu. Mama, Ndunge na Mutisya wanawasalimu. Chupa mbili za asali zinakuja na basi la Jumamosi. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Na wenzako wakikuuliza unasoma nini, sema ni balua kutoka nyumbani.

Dada yako akupendaye siku zote,
Nzilani